Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Utetezi wa Maabara Inayotengeneza Protini

Mwaka jana kamati ya miradi ya idara yetu ilinirudishia pendekezo langu la utafiti likiwa limeandikwa pembeni, kwa wino mwekundu, maneno matatu: "Ugonjwa wa Wazungu." Hapakuwa na maelezo mengine. Mwenzangu aliyeomba kuchunguza maji ya visima alikubaliwa, naye alistahili. Mimi niliambiwa nitafute mada "inayotuhusu".

Nilikuwa nimeomba kitu kidogo. Niliomba lita mbili za mchuzi wa kuoteshea bakteria, siku chache kwenye mashine ya kutikisa chupa, na ruhusa ya kutengeneza protini moja ya mfumo wa kinga ya mwili iitwayo interferoni gama. Nilitaka kuitengeneza kwa mikono yangu, kuisafisha, kuthibitisha kwamba imejikunja sawasawa, kisha kuonyesha jinsi inavyozichochea seli za kinga zinazohusika na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS.

Maneno yale matatu yaliniuma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si ya kweli. Ya pili ni kwamba siku niliyoyasoma, dada yangu alikuwa nyumbani akifungwa vifungo vya blauzi na mama, kwa sababu vidole vyake vilikuwa havihisi kitu.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Alikuwa na miaka 29 jicho lake la kushoto lilipoanza kuuma kila alipoligeuza. Rangi nyekundu akaiona imepauka, kama kitambaa kilichofuliwa mno, hata akashindwa kuona alama alizosahihisha mwenyewe kwenye madaftari. Zahanati ikampa dawa ya matone. Baada ya wiki sita jicho likarudi, nasi tukasahau. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi kuanzia kiunoni. Akatibiwa malaria mara mbili, ingawa kipimo cha pili hakikuonyesha vimelea. Akapimwa Ukimwi, hana. Jirani akasema amerogwa na mwalimu mwenzake aliyekosa cheo. Mchungaji akasema ni pepo. Ilipita miezi kumi na minne kabla hatujauza ng'ombe wawili na kumleta Kampala, akaingizwa kwenye mashine ya MRI, na daktari akatuonyesha madoa meupe ndani ya ubongo na kwenye uti wa mgongo. Daktari yule alikuwa muungwana. Lakini hata yeye alisema, "Ugonjwa huu huku kwetu hatuuoni sana."

Ni kweli kwamba MS ni nadra zaidi karibu na ikweta kuliko kaskazini mwa Ulaya au Kanada. Hilo sitalipinga. Lakini ugonjwa ambao hauwezi kutambuliwa bila MRI na bila daktari bingwa wa mishipa ya fahamu utaonekana tu mahali penye vitu hivyo viwili. Ukihesabu wagonjwa wa MS katika nchi maskini unahesabu pia mashine. Makadirio ya dunia ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 2.8, wanawake wakiwa takriban mara mbili ya wanaume. Sitaki kudai kwamba nusu yao wako Afrika. Ninachodai ni kwamba anayesema "hatuuoni" aeleze kwanza ametazama kwa jicho gani.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa utaratibu na Jean-Martin Charcot mjini Paris mwaka 1868. Aliona kwenye ubongo wa marehemu makovu magumu yaliyotawanyika hapa na pale, na jina la ugonjwa lina maana hiyo: makovu mengi. Leo tunajua yanatokana na nini. Nyuzi za neva zimevikwa ala ya mafuta na protini iitwayo mayelini, nayo ndiyo inayoziwezesha kupitisha habari upesi. Katika MS, seli za kinga, ambazo kazi yake ni kuua vijidudu, huvuka mpaka wa ubongo na kuichana ala ile. Uzi uliovuliwa ala hupitisha habari polepole, au hupotezea habari njiani. Jicho likaona rangi imepauka. Mguu ukafa ganzi.

Nilimweleza mama haya kwa Kiswahili, kwa kuwa istilahi za biolojia sizijui kwa Lugisu, naye Kiingereza hakijui. Kiswahili chake ni kile alichojifunza akiwa msichana miaka ya sabini, kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa watu wengi wa rika lake hapa Uganda, hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi na ya kuporwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe ni kama askari wa wakati wa Amin. Wamewekwa walinde nyumba, wanaingia ndani kuvunja." Nikamwambia ndivyo. Akauliza, "Na wanakosea vipi nyumba?" Nikamwambia kwamba huenda kuna kitu ndani ya ubongo kinachofanana na adui waliyefundishwa kumsaka. Mama akatikisa kichwa. "Hata wale walikuwa hivyo hivyo, mwanangu. Jina lako likifanana na lililo kwenye orodha yao, umekwisha."

Nimehudhuria mihadhara mingi kuhusu kinga ya mwili. Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Sasa basi, orodha ya askari hao inasomwaje? Hapo ndipo utengenezaji wa protini unapoingia, na hapo ndipo ninapotofautiana na kamati yetu.

Seli ya kinga haioni adui mzima. Kuna protini ziitwazo HLA ambazo hukaa juu ya seli zetu na kushika kipande kidogo cha protini nyingine, mfano wa mtu anayeonyesha kitambulisho dirishani. Seli T hupita na kukagua. Ikikitambua kipande kile kuwa cha adui, inapiga kengele. Tangu miaka ya 1970 mwanzoni, wanasayansi waliona kwamba watu wenye aina fulani za HLA hupata MS zaidi kuliko wengine, na aina iitwayo HLA-DR15 huongeza hatari takriban mara tatu kwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini kujua kwamba aina hiyo inahusika hakutoshi. Inashika kipande gani? Inakishikaje? Seli T ipi inakitambua? Maswali haya huwezi kuyajibu kwa kutazama damu tu, maana katika damu protini hizi zimechanganyika na maelfu ya nyingine, tena ni chache mno. Lazima uipate protini moja peke yake, safi, kwa wingi. Na ili uipate hivyo, lazima uitengeneze.

Kuitengeneza si uchawi. Unachukua jeni ya binadamu inayoamuru protini ile, unaipachika kwenye kipete cha DNA kiitwacho plasmidi, unakiingiza ndani ya bakteria aina ya E. coli. Bakteria hao, wakipata mchuzi mzuri na joto la nyuzi 37, hujigawa mara mbili kila dakika ishirini hivi. Mmoja, asipokosa chakula, anapita bilioni moja ndani ya saa kumi. Unawaongezea kemikali ya kuwaamsha, nao wanaanza kutengeneza protini ya binadamu bila kujua ni ya nani. Insulini nyingi wanayojidunga wagonjwa wa kisukari ilianzia kwa bakteria au hamira kwa njia hiyo hiyo.

Kazi ngumu inakuja baadaye. Bakteria wakilazimishwa kutengeneza protini wasiyoizoea, mara nyingi huirundika ndani yao kama madonge ya ugali ulioshindwa kuiva. Protini ipo, ila haijajikunja, na protini isiyojikunja haifanyi kazi. Unawavunja bakteria, unayaosha madonge, unayayeyusha kwa urea kali, kisha unaiondoa urea polepole, usiku kucha, kwenye baridi, ukiomba protini ijikunje yenyewe kama ilivyo mwilini. Ukiharakisha, inaganda na unaimwaga. Ukiwa na subira, asubuhi maji yanabaki maangavu. Unayapitisha kwenye bomba lenye chembechembe za nikeli zinazonasa mkia uliouweka kwenye protini yako, unaosha uchafu, unaing'oa. Mwisho unaikimbiza kwenye jeli, unaitia rangi, na kama Mungu amekujalia unaona mstari mmoja wa buluu mahali pake. Kwa interferoni gama, karibu na kilodaltoni 17.

Nimeeleza kwa kirefu ili wenzangu wa Kiswahili waone kwamba hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji ngozi ya rangi fulani.

Na kwa nini interferoni gama? Kwa sababu ina historia inayopaswa kufundishwa kwa kila anayedhani protini za maabara ni michezo ya wasomi. Miaka ya 1980, ilipowezekana kuitengeneza kwa wingi, watafiti wa Marekani walidhani itawasaidia wagonjwa wa MS, kwa kuwa inapambana na virusi. Waliwapa wagonjwa 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: wagonjwa saba kati yao walipata mashambulizi mapya ya ugonjwa katika kipindi cha matibabu. Jaribio likasimamishwa. Protini ile ilikuwa imezichochea seli za kinga na kuongeza seli zenye HLA-DR, yaani madirisha ya kuonyeshea vitambulisho. Kwa uchungu wa watu saba, dunia ikajifunza kwamba tatizo la MS ni kinga iliyochachamaa.

Ndugu yake, interferoni beta, alikwenda njia nyingine. Alitengenezwa ndani ya E. coli, wahandisi wakabadilisha asidi amino moja tu, sisteini ya nafasi ya 17, ili asijifunge vibaya wakati wa kujikunja. Mwaka 1993 akawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa MS ya kurudiarudia, akipunguza mashambulizi kwa karibu theluthi moja. Jina la ukoo ni moja, interferoni. Mmoja anawasha moto, mwingine anaupunguza. Nani angeweza kuyajua hayo kwa kukariri mchoro wa kitabuni?

Narudi sasa kwenye wino mwekundu: "Ugonjwa wa Wazungu."

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa hospitalini Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akaanza kuwafuatilia watoto wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyehisi kwamba saratani hiyo huenda inasababishwa na kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja kilichosafiri Desemba 1963 kilicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester badala ya London, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka hadi wakadhani kimeoza. Ndani yake mlikuwa na seli hai zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya. Kinaitwa Epstein-Barr. Jina la mtoto wa Uganda aliyetoa nyama ile halimo.

Sasa fungua mwaka 2022. Mwezi Januari watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kufuatilia sampuli za damu za askari zaidi ya milioni kumi wa nchi hiyo kwa miaka ishirini. Waliona kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, na haikuongezeka hivyo kwa virusi vingine walivyovipima. Mwezi huohuo kundi la Chuo Kikuu cha Stanford likaeleza jinsi kirusi hicho kinavyoweza kuwapotosha askari wetu wa ndani. Walichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS, wakasoma jeni za kingamwili katika seli B moja moja, kisha wakazitengeneza kingamwili hizo maabara na kuzijaribu dhidi ya protini za virusi. Mojawapo ilishika protini ya Epstein-Barr iitwayo EBNA1, na ikashika vilevile protini ya ubongo iitwayo GlialCAM. Vipande viwili vinavyofanana, orodha moja. Mama yangu alikuwa ameshasema.

Tazameni basi safari yenyewe. Kirusi kinachoshukiwa kuliko kitu kingine chochote kuwa chanzo cha MS kilipatikana ndani ya nyama ya mtoto wa nchi hii, umbali wa safari ya bodaboda kutoka kwenye chumba nilichokalia kuandika pendekezo langu. Mtu anawezaje kukaa Kampala na kuniambia kwamba habari hii haituhusu?

Tena kuna swali ambalo sisi ndio tuko mahali pazuri pa kuliuliza. Hapa kwetu karibu kila mtoto huambukizwa kirusi hiki akiwa mdogo sana. Kwenye nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, na wale wanaougua kwacho ujanani wana hatari kubwa zaidi ya MS baadaye. Kirusi kimoja: huku, kikishirikiana na malaria, kinaleta saratani ya taya, kule kinafungua mlango wa MS, na kwa walio wengi, huku na kule, hakifanyi lolote kubwa. Kwa nini? Je, kinga inayofundishwa mapema inaandika orodha tofauti? Nani atapima hilo kama si anayeishi na watoto hawa?

Na damu yetu imeshawahi kujibu swali ambalo damu ya Ulaya ilishindwa. Kwa Wazungu, jeni ya HLA-DR15 hurithiwa karibu daima pamoja na jirani yake wa kundi la DQ, hivyo haikujulikana kwa uhakika yupi kati yao ndiye mkosaji. Kwa watu wenye asili ya Afrika majirani hao hutengana mara nyingi zaidi. Mwaka 2004 utafiti miongoni mwa Wamarekani weusi wenye MS ukaonyesha kwamba lawama ni ya DR. Kwa hiyo wagonjwa weusi wapo, na wamekwisha kuifundisha dunia. Waliobaki nyuma ni wanaosema hawapo.

Hoja ya pili niliyoisikia, safari hii kwa mdomo, ni hii: "Tuna malaria, tuna kifua kikuu. Anza na hayo." Ni hoja ya mtu mwenye huruma, nami naiheshimu. Lakini imekosea mahali. Interferoni gama ndiyo hasa inayopimwa katika vipimo vya damu vya kugundua kifua kikuu kilicholala mwilini: damu inachanganywa na protini za bakteria wa ugonjwa huo, kisha inaangaliwa kama seli T zitatoa interferoni gama. Kipimo hicho hakisomeki bila interferoni safi ya kulinganishia. Chanjo ya malaria ya R21, nayo, ni protini iliyotengenezwa kwa hamira huko India. Anayejua kuikunja protini moja anajua kuanza na nyingine. Mchagua jembe si mkulima. Mimi niliomba jembe, nikaulizwa nitalima shamba la nani.

Hoja ya tatu: "Protini hizo zinanunuliwa." Ndiyo, zinanunuliwa. Maabara yetu ilinunua interferoni gama mwaka juzi, mikrogramu 100, uzito wa chembe moja au mbili za chumvi, kutoka Ulaya, kwenye barafu kavu. Kifurushi kilikaa siku nane uwanja wa ndege wakala akisubiri muhuri. Barafu ikaisha. Tulipofungua, lebo ilikuwa nzima na protini ilikuwa imekufa. Lita moja ya bakteria wetu wenyewe ingeweza kutupa miligramu kadhaa, yaani mara makumi ya kile tulichopoteza, na kama tungeharibu tungejua tumeharibu wapi. Mnunuzi hajui. Yeye huandika kwenye ripoti kwamba "jaribio halikufaulu" na kuagiza nyingine.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba chuo chetu kitafanya kesho yaliyofanywa Stanford. Kingamwili kamili kwa kawaida hutengenezwa ndani ya seli za wanyama, ambazo zinataka hewa safi, chakula ghali na umeme usiokatika. Kuchunguza umbo la protini kwa mionzi kunataka mitambo ambayo nchi kadhaa hushirikiana kuijenga. Na E. coli wenyewe, umeme ukikatika saa nane usiku, hawasubiri jenereta. Nimewahi kuwakuta asubuhi wamekufa kwenye chupa, harufu yao mpaka kwenye korido. Ninachosema ni kwamba kuna ngazi, na ngazi ya kwanza tunaimudu. Chupa, mchuzi, mashine ya kutikisa, mashine ya kuzungusha kwa kasi, bomba la nikeli, jeli. Vyote vimo katika jengo letu. Viwili vimefunikwa kwa plastiki tangu vilipotolewa kwenye maboksi.

Hoja ya nne hainihusu mimi peke yangu, inawahusu wasomaji wa kitabu hiki. Mhadhiri mmoja aliponiona nikiandika muhtasari wa pendekezo langu kwa Kiswahili alicheka: "Hiyo si lugha ya mambo haya." Mwaka 2022 baraza letu la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Rasmi ya nini, kama hakiwezi kutaja kinachomla dada yangu? Nimefika hapa kwa plasmidi, kingamwili, mayelini na interferoni, na sidhani kama msomaji amepotea. Istilahi hazianzi kwenye kamusi. Zinaanza pale watu wawili wanapohitaji kuelewana juu ya kitu kilicho mbele yao, kama mama na mimi kando ya kitanda cha mgonjwa. Tukingoja Kiswahili kiwe tayari ndipo tufanye sayansi kwacho, tutangoja na mgonjwa wetu.

Na mgonjwa hangoji. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mojawapo ikiwa rituksimabu. Dawa hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayoziondoa seli B, zilezile ambazo Epstein-Barr hujificha ndani yake. Dada yangu aliandikiwa dozi ya kwanza. Tulichanga ukoo mzima. Ya pili bado tunaichangia. Kila dozi ni protini ambayo mtu fulani, mahali fulani, alijifunza kuitengeneza akiwa mwanafunzi, akaharibu chupa kadhaa, akaruhusiwa kurudia.

Ndiyo maana madai yangu kwa walimu wetu ni machache. Kila mwanafunzi wa biokemia asihitimu kabla hajatengeneza na kusafisha protini moja ya binadamu kwa mikono yake, hata kama itaganda. Mashine zilizofunikwa zifunuliwe. Na kabla ya kuandika pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi kwamba jambo fulani ni la watu fulani, mwenye kalamu ajiulize nyama iliyofungua habari hiyo ilitoka kwenye taya la nani.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi moja. Msiniachie mada hii kwa sababu nina mgonjwa nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na MS ni methali hiyo iliyovaa mwili. Lakini methali hiyo inazihusu pia idara zetu. Kinachotula humu ndani ni ile sauti ya upole inayotushauri kuacha maswali makubwa kwa wenye nchi kubwa, nayo huzungumza kwa lafudhi yetu wenyewe.

Pendekezo langu nimelipeleka tena muhula huu. Sikubadilisha mada. Nimeongeza ukurasa mmoja kuhusu Mulago, na kando ya kila ukurasa nimeacha nafasi ya kutosha kwa wino mwekundu, ili safari hii atakayekataa aandike sababu.